Sura ya Sita: Sikio la Ikulu na Ngoma ya Ugogo

Jumapili ya tarehe 26 Machi 2017, polisi walimkamata msanii Nay wa Mitego mkoani Morogoro, alikokuwa amekwenda kutumbuiza. Kilichomponza ni wimbo wake "Wapo", ambamo aliwasema wakubwa na wasanii wenzake bila kupepesa macho. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaufungia wimbo huo. Mambo ya namna hii tumeyazoea: msanii analala rumande, redio zinanyamaza, na wimbo unaendelea kupita kwenye simu za watu kimyakimya.

Safari hii mambo yalikwenda vingine. Jumatatu yake, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa na siku chache tu katika wizara yenye dhamana ya habari na sanaa, aliwaambia waandishi wa habari mjini Dodoma kwamba Rais John Magufuli ameusikia wimbo na ameupenda. Msanii aachiwe. Wimbo upigwe. Tena Rais alikuwa na ushauri: msanii auboreshe, awataje na wengine wanaostahili kusemwa, wakiwamo wakwepa kodi na wauza dawa za kulevya.

Mashabiki walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Kijana alikuwa ametoka mahabusu. Ila tukio lile lafaa kutazamwa kwa utulivu. Kati ya Jumapili na Jumatatu, sheria za nchi zilikuwa zilezile na maneno ya wimbo yalikuwa yaleyale. Mtu mmoja tu ndiye aliyeongezeka miongoni mwa wasikilizaji, na huyo mmoja akatosha kugeuza kosa kuwa sifa. Siku chache baadaye, tarehe 5 Aprili, mwanahiphop mwingine, Roma Mkatoliki, alichukuliwa pamoja na wenzake na watu wasiojulikana wakiwa studio jijini Dar es Salaam, wakapatikana siku tatu baadaye wakiwa na majeraha. Ladha ya Rais iliyomkinga mmoja haikuwa kinga ya wote.

Sura hii inauliza swali linalozaliwa na juma hilo: kiongozi anapopenda muziki, au anapouchukia, muziki wenyewe unapata nini na unapoteza nini? Jibu nimelitafuta Dodoma na vijiji vinavyoizunguka, kwa sababu hakuna mahali pengine Tanzania ambapo dola na ngoma vimeishi jirani namna hii. Hapa ndipo alipotoka mwanamuziki wa asili aliyependwa na Mwalimu Nyerere kuliko wote. Hapa ndipo alipozaliwa mshairi ambaye utungo wake uligeuka kuwa sauti ya Chama. Na hapa ndipo Serikali nzima ilipohamia, ikaja kuishi katikati ya watu ambao muziki wao umewashangaza wataalamu wa dunia.

Mtemi aliitawala saa ya ngoma

Kabla ya Rais na kabla ya gavana, Ugogo, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma, ulikuwa na watemi. Mtemi wa Kigogo hakuwa mfalme mwenye jeshi na ghala la kodi. Uzito wake ulikuwa katika mvua, rutuba na usalama wa nchi yake. Yeye ndiye aliyehifadhi mawe ya mvua, na kwa idhini yake kilimo kilianza na jando lilifunguliwa. Katika nchi ambayo mvua hunyesha msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na mwaka mwingine isionekane kabisa, mamlaka ya namna hiyo hayakuwa madogo.

Jando halikosi nyimbo, na kuomba mvua hakukosi ngoma. Kwa hiyo mtemi alikuwa na mkono wake katika muziki wa watu wake tangu zamani. Lakini tuangalie mkono huo ulifika wapi. Mtemi alisema ni lini ngoma ianze. Namna ya kuimba, sauti ipi iongoze na ipi iitikie, mapigo yapi yawe ya wanawake na yapi ya wanaume, hayo yalikuwa mikononi mwa wenye ngoma wenyewe. Walirithishana, walikosoana, na walijua nani ni hodari na nani anajaribu tu.

Muziki waliourithishana una hazina kubwa. Ipo muheme, ngoma ya wanawake, ambamo akina mama hubana ngoma kati ya mapaja na kuzipiga kwa nguvu na ustadi ambao sehemu nyingi za Afrika umeachiwa wanaume. Ipo nindo, ipo cipande, ipo msunyunho. Ipo marimba ya mkono, ambayo wenyewe huiita ilimba, na lipo zeze linalosuguliwa kwa upinde hadi sauti yake ikakaribia kulia kwa binadamu. Njuga za miguuni hujaza nafasi zilizobaki.

Siri ya utamu wake imewavuta watafiti kutoka mbali. Uzi uliokazwa unapogongwa, hautoi sauti moja. Juu ya sauti kuu huelea sauti nyingine nyembamba, zilizopangwa kwa mpangilio wa maumbile yenyewe. Mtafiti wa Austria Gerhard Kubik alionyesha kwamba Wagogo wamejenga uimbaji wao juu ya sauti hizo. Ndiyo maana kundi la waimbaji wa Kigogo, bila kinanda na bila karatasi ya nota, huimba kwa sauti nyingi zilizoshikana, kila mtu na njia yake, na zote zikaoana. Mtunzi wa Hispania Polo Vallejo ametumia miaka mingi kuchunguza muziki huo, na filamu ya mwaka 2011 iliyotokana na kazi hiyo, iliyopigwa katika kijiji cha Nzali, imeupeleka muziki wa wakulima wa uwele na mtama mbele ya watazamaji wa Ulaya.

Utawala wa machifu ulifutwa na Serikali ya Tanganyika huru mwaka 1963. Mamlaka ya kusema ngoma ianze lini yakahamia kwingine, na safari hii hayakuishia kwenye saa.

Hotuba ya Desemba 1962

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa wizara mpya, ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisema kwa uchungu juu ya watu waliofundishwa na ukoloni kudharau vya kwao. Wengi, alisema, wanajua kucheza rumba, chachacha na twisti, lakini ni wangapi wanaojua kucheza, au hata waliowahi kusikia, gombe sugu, mangala au lelemama? Taifa lisilo na utamaduni wake, aliwaambia, ni mkusanyiko wa watu tu wasio na roho.

Nyerere alikuwa mtu wa maneno kuliko ala. Alitunga mashairi, akatafsiri Shakespeare, na uzeeni aliweka Biblia katika tenzi. Hakusimama kama mpenzi wa bendi fulani anayetaka wengine waipende. Alisema kama kiongozi aliyeona kwamba muziki ni mahali ambapo mtu hujifunza kujiheshimu au kujidharau, na katika hilo nadhani hakukosea. Mtoto anayeona aibu kusikika akiimba wimbo wa bibi yake amekwisha kupoteza kitu ambacho shule haiwezi kumrudishia.

Ugumu ulikuja hotuba ilipogeuka kuwa utendaji. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam, wakati Umoja wa Vijana wa TANU ukiwa katika kampeni dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana. Katika miaka ya 1970 Redio Tanzania iliondoa nyimbo za kigeni hewani kwa kipindi. Maneno ya nyimbo yalipitiwa kabla bendi haijarekodi. Vijana waliopenda James Brown walijikuta wamekuwa watuhumiwa wa kisiasa.

Lakini tazama rumba ilivyojibu. Rumba ileile iliyotajwa katika hotuba kama alama ya kuiga, ilivalishwa Kiswahili ikawa muziki wa dansi. Jumuiya ya wafanyakazi ikaanzisha NUTA Jazz mwaka 1964. Vijana wa TANU, jeshi, polisi, magereza, viwanda, wote wakawa na bendi. Tabora, mji alikosomea Mwalimu na alikofundisha, ikatoa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Magitaa hayo yakaimba Azimio la Arusha, vijiji vya ujamaa, ukombozi wa kusini mwa Afrika, na mapenzi, mapenzi zaidi ya yote. Leo Mtanzania wa miaka sitini akisikia dansi la zamani humkumbuka Mwalimu na zama zake papo hapo. Wananchi walipokea nusu ya hotuba ya kiongozi wao, ile ya kujivunia vya kwetu, na nusu nyingine wakaipa maana yao: hata cha kuja, tukikitia mkono wetu, ni chetu.

Mwana wa Doduma

Hukwe Zawose alizaliwa Doduma, kijiji cha Ugogo, karibu mwaka 1940. Alichunga ng'ombe, na alijifunza muziki kwa baba yake. Sifa zake zilimfikia Nyerere, na katika miaka ya 1960 Rais akamwita Dar es Salaam. Mchungaji wa Doduma akawa mwanamuziki wa taifa.

Ni vigumu kueleza ukubwa wa tendo hilo kwa msomaji wa leo. Chini ya wakoloni, muziki wa Wagogo ulikuwa jambo la kijijini, na wamisionari wengi waliutazama kama ushenzi wa kuachwa mlangoni mwa kanisa. Mkuu wa nchi aliposema mlete mtu huyu, aje na zeze lake, alikuwa amewaambia watu wote wa bara kavu la katikati kwamba chao kina thamani ya kusikilizwa na wageni wa Serikali. Zawose aliimba juu ya umoja, juu ya kazi, juu ya Nyerere mwenyewe, na aliimba kwa koo lililoweza kushuka hadi mngurumo na kupanda hadi sauti nyembamba kama ya mtoto. Alipofunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, alikuwa miongoni mwa walimu wake. Baadaye akazunguka dunia na matamasha ya WOMAD, akarekodi na lebo ya Real World ya Peter Gabriel, ikiwamo albamu "Chibite" ya mwaka 1996. Alifariki Desemba 2003.

Huu ndio upande wa nuru wa ladha ya kiongozi. Bila sikio la Nyerere huenda dunia isingemjua Zawose. Lakini gharama yake tuihesabu pia. Katika kikundi cha ngoma cha taifa, ngoma za makabila mbalimbali ziliwekwa kwenye jukwaa moja. Ngoma iliyochezwa usiku kucha, yenye mahali pake katika mwaka na katika umri wa mtu, ilikatwa ikawa ya dakika chache. Wachezaji walivaa sare. Watazamaji walikaa kwenye viti, wakapiga makofi, ikaja ya kabila lingine. Kilichoonekana kizuri machoni pa wageni kilibaki. Kilichotaka subira, siri au imani kiliachwa. Mtemi aliitawala saa ya kuanza. Taifa likaanza kuitawala na saa ya kumaliza.

Na Zawose alikuwa mmoja. Kwa kila Zawose aliyeitwa, walikuwapo mafundi wengi wa zeze na akina mama wa muheme ambao gari la Serikali halikuwafuata. Walibaki vijijini wakipigia harusi, mavuno na watoto wao. Ukweli ambao historia zetu za sanaa huupita haraka ni kwamba hao ndio walioulinda muziki wa Ugogo. Kiongozi alimpa mmoja jukwaa. Watu wa vijijini waliupa muziki maisha.

Mshairi wa Ihumwa

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Aliandika historia, mila na desturi za Wagogo, na akawa mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili ingawa hakuzaliwa pwani. Ngonjera, mashairi ya majibizano yanayoghanwa kwa sauti na kuigizwa mbele ya hadhira, ni utungo ambao jina lake halitenganishwi nao. Mwaka 1968 Mwalimu alikutana na washairi akawaomba waitumie kalamu yao kuieneza siasa ya Azimio la Arusha. Mnyampala na wenzake wa chama cha washairi, UKUTA, waliitika. Yeye alifariki mwaka uliofuata, na vitabu vyake vya "Ngonjera za UKUTA" vilitoka baada ya kifo chake.

Ngonjera zilienea shule zote. Kwa miaka mingi hapakuwa na mgeni rasmi aliyepokewa bila watoto kupanga mistari miwili na kujibizana mbele yake. Ukiangalia umbile la utungo huu utaelewa kwa nini wakubwa waliupenda. Upande mmoja hubisha kwa kutojua, upande wa pili hufafanua, na mwishoni mbishi hukubali. Ni mabishano ambayo mwisho wake unajulikana kabla hayajaanza. Mnyampala aliutumia kwa nia njema ya kufundisha, katika nchi changa yenye watu wengi wasiojua kusoma. Lakini chombo ambacho daima humaliza kwa makubaliano kinaweza kumdekeza kiongozi. Akizoea kusikia kila swali likiishia na shukrani, hushtuka siku anapokutana na swali linalobaki swali.

Zama hizohizo Ugogo ulipitia msukosuko mkubwa. Baada ya miaka ya ukame na njaa, Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamisha watu wa mkoa huu kwenye vijiji vya ujamaa. Mwalimu mwenyewe alipiga kambi Chamwino, akafyatua matofali na wanakijiji. Mwaka 1973 TANU ikaamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Wagogo waliotawanyika na mifugo yao katika kaya za tembe, wakajikuta katika mistari ya nyumba, na baadaye katika ramani ya mji mkuu. Muziki ulihama nao. Kaya zilizokuwa mbalimbali zikawa jirani, na kwaya na vikundi vya ngoma vikawa na hadhira ya kudumu, ya wanakijiji na ya wageni waliokuja kukagua maendeleo.

Masikio ya watawala wengine

Tanzania haikuwa peke yake katika jambo hili, na tukilinganisha tutaona tulinusurika na nini. Januari 1936 Stalin alikwenda kutazama opera ya Shostakovich mjini Moscow, akaondoka kabla haijaisha. Siku chache baadaye gazeti la Pravda likaishambulia kazi ile kwa maneno ambayo, katika zama zile, yangeweza kumpeleka mtunzi kaburini. Jirani zetu wa Zaire waliishi na Mobutu, ambaye chini ya siasa yake ya uhalisia watu waliimba na kucheza kumtukuza kila alikotua, na ambaye Franco Luambo, mwanamuziki mkubwa kuliko wote nchini mwake, alimsifu kwa nyimbo na bado akaonja jela mwaka 1978. Guinea ya Sékou Touré ilizipa bendi zake magitaa na mishahara, ikatuachia muziki mtukufu wa Bembeya Jazz, na ikawaacha wapinzani wa rais wakifia katika kambi ya Boiro. Kenya ya Moi iliunda tume ya muziki ya rais mwaka 1988, na kwaya za shule zikajua vema nini humfurahisha mgeni wa heshima.

Somo la nchi zote hizi linafanana. Kiongozi anayependa muziki si lazima awe mwema kwa wanamuziki. Upendo wake huweza kuwa mzigo kuliko chuki, maana anayechukia hufunga mlango mmoja, na anayependa sana huziba mingine yote ili asikie anachokipenda.

Kutoka Chimwaga hadi bungeni

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, CCM ilijua kwamba haitaimbiwa tena na nchi nzima kwa mazoea. Mwaka huohuo likazaliwa kundi la Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba. Lilikuwa na kwaya, taarab, dansi, ngoma na maigizo chini ya paa moja, na sauti ya Khadija Kopa ilitosha kujaza uwanja. Dodoma, katika ukumbi wa Chimwaga na baadaye Kizota, mikutano mikuu ya Chama ilikuwa pia maonyesho makubwa ya muziki. Wajumbe walikuja kuchagua wagombea, wakaondoka na wimbo kichwani. Nyerere alipofariki Oktoba 1999, ni nyimbo za maombolezo za Komba zilizolipa taifa maneno ya kulilia, na hata waliompinga kisiasa walizilia. Komba aliingia bungeni mwaka 2005 na alifariki Februari 2015 akiwa Mbunge wa Mbinga Magharibi.

Bongo fleva ilipokomaa, mkondo ukageuka. Jakaya Kikwete alikuwa rais wa kwanza kuonekana akiwachukulia vijana wa muziki huu kama watu wa kukaa nao meza moja, na kampeni ya mwaka 2010 ilicheza kwa mdundo wa "Pii Pii" wa Marlaw. Mwaka huohuo Joseph Mbilinyi, Sugu, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa rap ya Kiswahili, aliingia Bunge la Dodoma kwa tiketi ya Chadema. Vicky Kamata aliingia kupitia viti maalumu vya CCM. Mwaka 2015 akafuata Profesa Jay kutoka Mikumi. Mwaka 2020 akaja Hamis Mwinjuma, MwanaFA, ambaye mwaka 2023 akawa Naibu Waziri katika wizara inayosimamia utamaduni, sanaa na michezo.

Hili ni badiliko kubwa. Kizazi kimoja nyuma, mwanamuziki alisubiri kusikilizwa na kiongozi. Sasa anaketi katika viti vya Bunge na kuuliza maswali ya nyongeza kuhusu mirabaha. Naliona ni jambo jema, kwa sababu sheria ya hakimiliki huandikwa vizuri zaidi na mtu aliyewahi kuibiwa wimbo. Lakini halitoshi. Mwanamuziki akiwa kiongozi naye huwa na sikio lake, na marafiki zake, na aina ya muziki aliyokulia. Mama wa muheme wa kijijini hana mbunge aliyetoka katika kikundi chake. Tena wakati wa uchaguzi, pande zote zinapowania mastaa, fedha nyingi hupita karibu na vikundi vya asili bila kutua. Vinaitwa kupokea wageni uwanja wa ndege, vinachezea juani, kisha jukwaa hukabidhiwa kwa waliokuja na mitambo.

Chamwino, upande huu na ule

Leo Chamwino ina vitu viwili ambavyo havikupangwa pamoja. Kimoja ni Ikulu. Pale Mwalimu alipokuwa na makazi yake ya Dodoma, Serikali ya Magufuli, baada ya kutangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahama kweli, iliamua kujenga Ikulu kubwa, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Mei 2023. Kingine ni Kituo cha Sanaa cha Chamwino na tamasha la muziki wa Cigogo linalofanyika hapo tangu mwaka 2009. Mwasisi wake ni Dkt. Kedmon Mapana, Mgogo aliyeusoma muziki wa kwao hadi shahada ya juu, akaufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye akateuliwa kuwa Katibu Mtendaji wa BASATA.

Tamasha hilo linafanya jambo ambalo jukwaa la taifa lilishindwa kulifanya. Vikundi vinakuja kutoka vijijini na kucheza mbele ya Wagogo wenzao, wanaojua kila hatua na kila kosa. Hukumu inatoka kwa wenye muziki. Mgeni anakaribishwa, kiongozi anakaribishwa, lakini ngoma haikatwi kwa ajili ya ratiba yake. Wazee wanawaona vijana wakipokea zeze, na vijana wanawaona wazee wakishangiliwa.

Familia ya Zawose nayo imetufundisha jambo. Katika enzi za Mzee Hukwe, wanawake wa familia waliimba nyuma na kucheza; ala zilikuwa za wanaume. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti yake na mjukuu wake, walitoa albamu "Maisha" kwa jina la Zawose Queens, wakiongoza kwa sauti na kwa ala ambazo zamani wasingekabidhiwa. Hakuna waziri aliyetoa waraka wa kuwaruhusu. Muziki wenye afya hujirekebisha wenyewe, kwa kasi yake, ukiwa na watu wanaoupenda kiasi cha kuubishania.

Tumwombe nini kiongozi

Kwa muda mrefu tumekuwa tukimwomba kiongozi apende muziki wetu. Wasanii wa bongo fleva wanamtaka aje kwenye uzinduzi, wa singeli wanamtaka acheze, wa ngoma za asili wanamtaka akumbuke alikotoka. Nadhani tunaomba kitu kisicho sahihi. Upendo wa mtu mmoja, hata awe mwema kama nini, hustaafu pamoja naye. Nyerere alimpenda Zawose, na baada ya Nyerere hapakuwa na kanuni iliyomlazimu mrithi wake kumtafuta Zawose mwingine. Magufuli aliupenda "Wapo", na baada ya Jumatatu ile hapakuwa na kifungu kipya cha kumlinda msanii wa wimbo utakaofuata.

Tunachopaswa kudai ni vitu vinavyodumu. Kwanza, wimbo usifungiwe wala kufunguliwa kwa kuwa mkubwa ameukasirikia au ameufurahia. Sheria iseme wazi kosa ni nini, na msanii awe na mahali pa kukata rufaa pasipohitaji simu ya Ikulu. Pili, kikundi kinachompokea mgeni wa Serikali kilipwe kwa mkataba, kama anavyolipwa mwenye mahema na mwenye vipaza sauti, maana akina mama wanaoacha shamba la karanga kuja kupiga muheme wanafanya kazi. Tatu, shule za Dodoma zifundishe muziki wa Dodoma, na mafundi wa zeze na ilimba waingie darasani kama walimu wenye posho, kabla hawajaisha. Nne, mji huu mkuu mpya, wenye barabara za mzunguko, stesheni ya treni ya umeme na wizara kule Mtumba, jirani na Ihumwa ya Mnyampala, utenge kiwanja cha ngoma ambacho hakitageuzwa maegesho.

Hapo mtemi wa zamani ana la kutufundisha. Alijua mpaka wake: alifungua msimu, kisha akawaachia wenye ngoma ngoma yao. Rais wa Tanzania naye apende anachokipenda, asikilize taarab, injili, singeli au kimya, ni haki yake kama ya mwananchi yeyote. Ladha yake iwe yake. Kazi ya Serikali anayoiongoza ni kuhakikisha kwamba muziki asioupenda, na hata ule unaomsema, unapata hewa, uwanja na malipo sawa na ule anaoucheza. Siku msanii aliyekamatwa kama yule wa Morogoro atakapotoka mahabusu kwa sababu hakimu ameona hakuna kosa, na siku kikundi cha Nzali kitakapolipwa kwa sababu mkataba unasema hivyo, hatutakuwa na haja ya kuuliza Rais anasikiliza nini.